Kijiti cha dada yako si lazima kiwe chako: namna ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango ukiwa Dar

"Sista, naomba kijiti kama cha dada yangu."

Nimekuwa mkunga Dar es Salaam kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto hadi siwezi kuyahesabu. Mama mmoja alinijia nayo asubuhi moja, katoka Tandika, mtoto wa miaka 2 mgongoni. Nikamuuliza, "Mama, mwenzake huyu unamtaka lini?" Akacheka kidogo, akanyamaza, kisha akasema hilo hajawahi kuulizwa na mtu, hata mume wake.

Nitarudi kwake. Kwanza nieleze kwa nini naandika. Mimba nyingi zisizopangwa nilizokutana nazo hazikutokana na njia kushindwa kazi. Zilipita kwenye pengo: mtu kaacha sindano kwa sababu imemchosha, hajaanza kitu kingine, wiki tatu zinapita, na mwezi unaofuata anakuja kupima mkojo. Na kinachowafanya wengi waache ni kwamba njia hawakuichagua wao. Waliiazima kwa dada, kwa jirani, kwa mwenzao wa ofisini. Mwongozo huu nimeupanga kwa hatua, fuata kwa mpangilio huo, maana jina la njia huja mwishoni.

Hatua ya kwanza: jibu swali la "lini"

Kaa peke yako, au na mwenzako kama mnazungumza, ujibu: mtoto mwingine nataka ndani ya mwaka, baada ya miaka kadhaa, au sitaki tena?

Ukijibu "ndani ya mwaka", sindano ya miezi 3 iweke kando. Haiharibu kizazi, lakini mwili huchukua muda kuiacha. Baada ya sindano ya mwisho, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa miezi 9 au 10, na kwa wengine zaidi. Nimewaona mabinti wakilia kwamba wamekuwa tasa, kumbe wana miezi 5 tu tangu waache. Vidonge, kijiti, kitanzi na kondomu havina ucheleweshaji huo. Ukivitoa au ukiviacha leo, mwezi huu huu unaweza kushika.

Ukijibu "miaka kadhaa", kijiti na kitanzi ndivyo vya kuvitazama kwanza. Ukijibu "sitaki tena" na una uhakika, kuna kufunga kizazi, wewe au mumeo.

Kwa aliyejifungua karibuni, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite kabla ya kutafuta mimba nyingine, na angalau miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Na mimba ikiharibika, yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki 2. Hapo wengi hudhani mwili umepumzika, kumbe umeshaanza kazi.

Hatua ya pili: andika ya mwili wako

Chukua karatasi. Andika umri wako, kama unanyonyesha na mtoto ana miezi mingapi, kama unavuta sigara, na magonjwa yote uliyowahi kuambiwa unayo. Kisha andika kila dawa unayotumia, hata ile unayoona haihusiani. Karatasi hii ndiyo itakayomsaidia nesi kuliko kitu kingine utakachompelekea.

Presha kwanza. Ikiwa imefika 140 juu au 90 chini, vidonge vya kawaida vya majira, vile vyenye homoni mbili, havikufai. Havimfai pia mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Kwa hawa wote hatari ni damu kuganda au kupata kiharusi. Wengine hununua vidonge hivyo duka la dawa pale mtaani bila kupimwa presha hata mara moja. Nakuomba usifanye hivyo. Kupima ni dakika mbili. Na aliyewahi kupata saratani ya matiti asitumie njia yoyote ya homoni. Kwake kitanzi cha shaba ndicho cha kuulizia.

Dawa nazo. Yule mama wa Tandika, nilipomuuliza anatumia nini, alitoa kwenye mkoba vidonge vya kifua kikuu. Alikuwa mwezi wa pili wa matibabu. Dawa ya TB iitwayo rifampisini huliamsha ini likavunja homoni haraka kuliko kawaida, hivyo nguvu ya vidonge vya majira na ya kijiti hupungua. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hufanya hivyo hivyo. Kwa anayetumia ARV zenye efavirenzi, kijiti kinapungua nguvu. Wenye dolutegraviri hawana shida hiyo. Sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba haviguswi na dawa hizi. Dawa za kawaida kama amoksilini hazina neno.

Kijiti cha dada yake kingeweza kumwacha na mimba, naye angesema vijiti havifanyi kazi. Aliondoka na sindano.

Hatua ya tatu: tazama siku yako ilivyo

Hapa ndipo vitabu hupita haraka, na mimi nataka tukae.

Kidonge kinataka saa moja ileile kila siku. Kama unafungua duka Kariakoo alfajiri na kurudi Mbagala usiku na foleni yote ile, jiulize kwa ukweli kama utakikumbuka. Wanaofaulu ni wale wanaokifunga kwenye kitu kisichobadilika, mfano taarifa ya habari ya saa 2 usiku: ikianza, kidonge kinamezwa. Kama usiku wako hauna saa, kidonge kitakusumbua.

Sindano inataka tarehe nne kwa mwaka. Dada wa kazi za ndani mwenye mapumziko ya Jumapili tu, wakati kliniki nyingi za serikali hutoa huduma hii siku za kazi, atakosa tarehe. Si uzembe wake. Huyo kijiti kinamwokoa, maana akitoka siku moja amemaliza kwa miaka.

Mwenye mume dereva wa malori ya Tunduma, anayerudi kila baada ya miezi miwili, mara nyingi hunambia, "Mimi sihitaji, hayupo." Lakini anaporudi harudi na taarifa ya wiki mbili. Anahitaji kitu ambacho tayari kimo mwilini, na kondomu juu yake kama hana uhakika wa huko barabarani.

Kuna na wale ambao nyumbani hawawezi kusema. Hili ni zito, nalisema kwa heshima. Sindano haiachi alama. Kijiti huweza kuguswa kwa vidole mkononi, kitanzi kina nyuzi. Na hedhi ikikata au ikivurugika, mwenye kufuatilia atajua. Mwambie nesi hali yako waziwazi, hata kadi inaweza kubaki kliniki. Lakini kama mume anaongeleka, ongea naye. Nimeona wanaume wengi waliokuwa wakali barazani wakiwa wapole kabisa mara tu walipoeleweshwa wakiwa wamekaa kiti kimoja na mke.

Hatua ya nne: sasa zijue njia

Kati ya wanawake 100 wanaofanya tendo la ndoa mwaka mzima bila kinga, takriban 85 hushika mimba. Kwa matumizi ya kawaida ya watu, yenye kusahau na kuchelewa, wanaoshika mimba ndani ya mwaka ni kama 20 kwa kumwaga nje, 13 kwa kondomu ya kiume, 7 kwa vidonge na 4 kwa sindano. Kwa kijiti na kitanzi hafiki hata mmoja, kwa sababu huko hakuna cha kusahau.

*Kijiti.* Huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa ganzi. Kuna cha vijiti viwili cha miaka 5 na cha kijiti kimoja kinachohesabiwa miaka 3. Uliza umewekewa kipi. Kinachowafanya wengi wakitoe ni matone ya damu yasiyo na mpangilio, hasa miezi ya mwanzo. Si ugonjwa, na mara nyingi hutulia, ila kama yanakuchosha zipo dawa za kusaidia, hivyo rudi kabla hujakata shauri. Kijiti hakitembei kwenda moyoni. Ukipapasa utakikuta palepale.

*Sindano.* Kila baada ya miezi 3. Ukichelewa usijifiche nyumbani kwa aibu, kwani hadi wiki 4 baada ya tarehe bado unaweza kuchomwa bila kuanza upya. Wengine huongezeka uzito. Wengi hedhi hukata kabisa, na hapo ndipo ule uvumi wa damu kujaa tumboni unapozaliwa. Damu ya hedhi ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaobomoka. Sindano huufanya ukuta huo ubaki mwembamba, basi hakuna cha kubomoka, wala hakuna kilichojaa popote.

*Kitanzi,* wengine huita lupu. Cha shaba hakina homoni yoyote na hufanya kazi hadi miaka 12. Hedhi huweza kuwa nzito na yenye maumivu zaidi miezi michache ya kwanza, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu aseme mapema. Mwenye kisonono au maambukizi mengine ya shingo ya kizazi hutibiwa kwanza. Kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, ama usubiri wiki 4. Ninakipenda kuliko kinavyopendwa, na naamini kinachokiangusha ni maneno ya mtaani kwamba humchoma mume. Nyuzi zikimsumbua, nesi huzipunguza.

*Vidonge.* Pakiti ya kawaida ina vidonge 28: 21 vya homoni, na 7 vya mwisho, mara nyingi rangi ya kahawia, ni vya madini ya chuma tu. Ukisahau kimoja, kimeze mara ukumbukapo na endelea. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja, endelea na pakiti, na tumia kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya tatu, vya kahawia viache, anza pakiti mpya moja kwa moja. Anayenyonyesha mtoto chini ya miezi 6 apewe vile vya homoni moja.

*Kunyonyesha* ni njia kamili, ila ina masharti matatu na yote lazima yatimie: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na anapewa ziwa tu, mchana na usiku. Mama akirudi kazini Posta na kumwachia bibi uji, sharti limevunjika siku hiyo hiyo.

*Kalenda.* Kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 usioyumba, siku za kuepuka ni ya 8 hadi ya 19, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa ya 1. Wako wanaohesabu kwa shanga za rangi. Mzunguko ukiyumba, usiitumie.

*Kondomu* ndiyo pekee inayozuia pia VVU na magonjwa ya zinaa, kwa hiyo hata mwenye kijiti anaweza kuihitaji. Joto la Dar huiharibu. Usiiweke kwenye waleti unayokalia kutwa, wala kwenye dashibodi ya gari. Mafuta ya nazi na ya kujipaka huulegeza mpira wake ukapasuka. Tumia vilainishi vya maji.

*Kufunga kizazi.* Ni kwa aliyemaliza kweli, maana usihesabu kufunguliwa. Kwa mwanamume upasuaji ni mdogo zaidi kuliko kwa mwanamke, hauondoi nguvu wala hamu. Asisahau kutumia kinga nyingine kwa miezi 3, mbegu zilizobaki njiani ziishe.

Na P2. Naona inavyonunuliwa Ijumaa na Jumatatu mitaani kwetu kama njia ya kawaida, na inaniuma. Ni ya dharura: kondomu imepasuka, vidonge vimesahaulika, umelazimishwa. Imeze mapema uwezavyo ndani ya saa 72. Hadi siku 5 huweza kusaidia, lakini nguvu yake hupungua kila saa inayopita. Hufanya kazi kwa kuchelewesha yai, haitoi mimba iliyokwisha kushika, na haikulindi kwa tendo la kesho yake. Ukitapika ndani ya saa 2, meza nyingine. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, pima. Hata kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5, ni kinga ya dharura iliyo imara kuliko P2, na unabaki nacho. Kama umelazimishwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani dawa za kukinga VVU nazo zinataka ndani ya saa 72.

Hatua ya tano: nenda, na uende na maswali

Katika vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango hutolewa bure, kuanzia zahanati ya mtaa wako hadi hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala. UMATI, chama kilichoanza kazi hii mwaka 1959, kina huduma, na Marie Stopes pia. Tafuta alama ya nyota ya kijani. Fika asubuhi mapema, maana mara nyingi siku huanza na elimu ya pamoja kabla ya kuonwa mmoja mmoja.

Si lazima uwe kwenye hedhi ndipo uhudumiwe. Wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, na hilo ni kosa letu sisi watoa huduma. Maswali machache, au kipimo cha mkojo, hutosha kujua kama huna mimba. Tofauti ni moja tu: ukianza homoni nje ya siku za hedhi, tumia kondomu siku 7 za kwanza. Kitanzi cha shaba hukinga papo hapo.

Ukiingia chumbani, toa ile karatasi yako, kisha uliza: kwa mwili huu, zipi haziwezekani kabisa? Hedhi yangu itabadilikaje? Tarehe ya kurudi ni lini, na siku hiyo dawa ikiwa imekwisha nifanyeje? Nikitaka kutoa, natolewa wapi? Hili la mwisho lina uzito. Nimekutana na wanawake waliokataliwa kutolewa kijiti kwenye kituo kimoja, wakaambiwa wangoje miaka iishe. Kijiti ni chako, unaweza kutolewa siku yoyote, na huhitaji kutoa sababu ya kumridhisha mtu. Lakini usimwendee fundi wa mtaani wala usijaribu kwa wembe. Nenda kituo kingine.

Ukiambiwa njia uliyoitaka haipo leo, usiondoke mikono mitupu. Omba kondomu au pakiti ya vidonge vya kushikilia. Hilo ndilo pengo nililolisema.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya kwanza

Andika tarehe ya kurudi sehemu mbili, kwenye kadi na kwenye simu. Kwa kijiti andika na mwaka wa kutoa, maana miaka 5 ni mingi na kadi hupotea kwenye kuhama nyumba.

Kichefuchefu, maziwa kuuma na matone ya damu mara nyingi hupungua wenyewe. Yafuatayo hayasubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo: kichwa kikali usichowahi kukipata, macho kupoteza nuru ghafla, maumivu ya kifua au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu makali ya tumbo chini hasa ukiwa na kitanzi na hedhi imechelewa, au usaha na homa palipowekwa kijiti.

Ukiichoka njia, una haki ya kubadili. Badili ukiwa bado ndani ya ulinzi wa ile ya zamani: nenda kabla tarehe ya sindano haijafika, au pakiti haijaisha, uingie kwenye nyingine siku hiyo hiyo.

Mama wa Tandika alifanya hivyo. Alichomwa sindano ya kwanza, akarudi kwa ya pili akiwa na kadi kafunga kwenye pindo la khanga. Akamaliza dozi ya TB, ukapita kama miezi miwili, akaja wiki moja kabla ya tarehe ya sindano ya tatu. "Shikamoo sista," akasema, "sasa nipe kile kijiti. Huyu wangu akianza darasa la kwanza, nitakuja unitoe."